Kiti cha Jikoni Barabarani

Chicago, 17 Januari 1979

Mwanangu Alonzo,

Hujambo huko Los Angeles kwenye jua? Sisi wazima, ila magoti yananitesa na theluji imefika madirishani. Mdogo wako Rudell alichimba kutwa nzima kupata pa kuweka gari lake mbele ya nyumba, akaacha kiti cha jikoni kulinda nafasi, kama kawaida yetu. Aliporudi kutoka kazini akakuta kiti kimetupwa pembeni, na gari la Hollis, yule mpangaji mpya wa jirani aliyetoka Florida, limekaa pale kama kwao. Jeuri gani hiyo? Rudell na wenzake wamelimwagia ndoo za maji, sasa hivi ni barafu tupu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Atajua Chicago ina wenyewe.

Mama yako

Los Angeles, 24 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, magoti yakande kwa maji ya moto. Jamani, mtu wa Florida atajuaje mambo ya viti vyetu? Mwambie Rudell akamvunjie hiyo barafu, wapeane mikono, yaishe.

Mwanao, Alonzo

Chicago, 2 Februari

Mwanangu,

Barua yako ilichelewa. Jioni ile ile niliyokuandikia, Corinne, mke wa Hollis, alibanwa na pumu. Milango ya gari lao ikagoma kufunguka kwa ile barafu. Hollis akaja kunigongea kuomba maji ya moto. Nikampa birika, nikamshikia na taa. Ambulensi ilikwama njiani. Corinne alikata roho pale pale ngazini, mkono wake nimeushika mimi.

Tumeshamzika. Hollis hajui ni nani aliyemwaga maji, na mtaa mzima umefunga mdomo. Kila akiniona ananishukuru kwa lile birika. Rudell hali, halali. Nifanye nini, baba?

Mama yako

Los Angeles, 9 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimelia mpaka nimechoka. Mwambieni. Asiposikia kwenu, atasikia kwangu.

Alonzo

Chicago, 17 Februari

Mwanangu,

Safari hii sitasema tu wazima. Jana nilikwenda na Rudell kwa Hollis. Rudell alisema yote mwenyewe, hakumtaja mwenzake hata mmoja. Nilingoja tupigwe, tena nilitaka tupigwe. Hollis akauliza amewakosea nini. Rudell akamwambia ni kwa sababu ya kile kiti.

"Kiti?" akasema. "Sisi tulidhani mtu amekitupa."

Mama yako