Kidonge Kimoja, Wake Wawili

Basi hesabu ikatoka sawa, mwanangu mshauri wa redio, na hiyo sawa ndiyo imeniponza. Nesi wa dirisha la dawa alimimina kikopo changu mezani, vilitakiwa vibaki vidonge viwili, vikabaki viwili. Akasema, "Bibi, wewe unakula dawa vizuri kuliko hata sisi tunaozigawa, lakini virusi vimepanda. Basi vimeshakuwa sugu, dawa hizi zimevishindwa." Mimi nikakodolea macho kalenda ya ukutani kama naisoma, na kusoma kwenyewe sijui.

Nishike mkono, maji yamenifika shingoni, na hiki kitufe cha simu nimekibonyeza mpaka kidole gumba kinauma, jirani kasema nikikiachia tu maneno yanakatika. Huu mwaka wa kumi na moja naishi na virusi, kidonge changu saa mbili asubuhi, kikopo nakijaza pamba kisilie mkobani, maana safari ya kwanza kililia njia nzima kama njuga, watu wakageuka, na kila kipimo walikuwa wananiambia virusi havionekani, narudi natembea kifua mbele kama bibi harusi. Sasa mke mwenzangu, tunamwita Bi Mdogo ijapokuwa ana mvi kunizidi, ujanani tuligombana mpaka kwa ndoo, siku moja alinimwagia, aa, hayo tuyaache, mume mwenyewe kafa na sisi ndio tumebakiana, vyumba viwili vinatazamana, tunafua mashuka ya nyumba ya wageni, na shuka kubwa halikamuliki na mtu mmoja, kwa hiyo hata ukinuna unanuna huku umeshika ncha.

Mwaka jana akaanza kukonda, vidonda mdomoni, akanunua duka la dawa kile kipimo cha kujipima kwa mate, mistari ikaja miwili. Nikamwambia twende kliniki. Akanijia juu: "Nikaandikishe jina kwa nani? Mapokezi pale si anakaa mama mkwe wa binti yangu? Kabla sijafika nyumbani, mwanangu kesharudishwa na mabegi!" Akaniapisha nisiseme. Nikamuuliza sasa tutafanyaje, akacheka, mtu anaumwa anacheka, akasema, "Mkubwa, tuligawana mume miaka ishirini, kidonge kitatushinda?" Basi tukarudi kwenye zamu kama enzi zile, leo mimi kesho wewe, miezi saba sasa, na kweli mwanzoni akanyanyuka, vidonda vikakauka, nikajiona daktari bila kukalia dawati.

Sasa Alhamisi wananitoa damu nyingine. Nesi anasema inakwenda maabara kuu, wanakusanya za nchi nzima wajue dawa zinashindwa kwa watu wangapi na virusi vimeizoea dawa ipi, halafu mimi nibadilishiwe nyingine. Nikisema ukweli nimemsaliti niliyemwapia. Nikinyamaza, hata hiyo dawa mpya nitaendelea kuigawa, na mwenzangu wiki hii vidonda vimerudi, hata chai inamchoma. Nifanyeje mwanangu, na usinitaje, sema tu bibi mmoja, maana redio yenu hiyo hiyo naye anaisikiliza akipiga pasi, tena anaifungulia mpaka...

"Mkubwa! Mashuka yananisubiri huku! Na kidonge umekiweka wapi, leo si zamu yangu?"

Naja! Mwanamke huna subira wewe! Naitwa, mwanangu, ngoja niende.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Bibi. Mambo ya kuwatambulisha nimeyabadilisha, na nimewahi kukujibu kabla Alhamisi yako haijafika.

Si wengi wangempa mke mwenza hata maji ya kunywa, na wewe ulimpa uhai wako nusu kwa nusu. Moyo huo nauheshimu. Lakini nitakusema, hata kama umri wako ni wa mama yangu. Mume aligawanyika, Bibi. Kidonge hakigawanyiki. Kila siku uliyoruka, virusi viliionja dawa bila kuuawa nayo, vikapata nafasi ya kujifunza kuishi nayo. Usugu huzaliwa hivyo, kwako na kwake pia. Huenda umeshaingia, huenda bado. Damu itaeleza, ila wanaoisoma wataielewa vizuri kama mdomo wako nao umeeleza. Ukinyamaza, wataandika kwamba bibi huyu alikula kila siku na dawa ikashindwa, na uongo wa kikopo kimoja utaingia kwenye hesabu ya kuwachagulia dawa watu usiowajua.

Unasema ukweli ni usaliti. Nani kakwambia? Kosa la kuruka ni lako, liseme kama lako: "Nesi, miezi saba nakula siku moja, naruka moja." Akiuliza vingine vilikwenda wapi, jibu kwamba ulimpa mtu, na jina hulitaji. Kiapo chako kinabaki kizima.

Kuanzia kesho, kidonge ni chako kila siku, hata akikulilia. Yeye mpeleke kliniki ya mbali, ambako mama mkwe huyo wa binti yake hayupo, na asiifiche miezi saba ya dawa zako, maana madaktari wanahitaji kuijua kabla ya kumwanzishia zake. Vidonda vilivyorudi havingoji Alhamisi.

Na wewe Bi Mdogo, kama unanisikia, weka pasi chini. Binti aliyerudishwa na mabegi hupokelewa na mama aliye hai. Aliye kaburini hafungui mlango.

Bibi, akikuita tena kuuliza zamu ya nani, mwambie zamu zimekwisha. Mashuka yakae kwenye beseni. Avae viatu.