Mashine Iliyopumzika Mchana

Kansanga, Jumanne

Kwako Dada Rukiah,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepoa. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, na nyumba imejaa vigelegele. Kaa vizuri nikusimulie.

Binti yangu Nuriat alikuwa kwenye majaribio katika kampuni ya kompyuta. Walimletea mashine kubwa, ikakaa sebuleni, naye akaiendesha kwa kompyuta yake toka chumbani. Ndani kabisa ya mashine kuna kiini, ndicho kinachozigawia programu zamu. Alitakiwa akiongezee kasi kufikia Jumatatu, la sivyo kazi hana. Lakini hapa kwetu mashine ikazidi kulegea.

Akaweka kipimo cha kukiuliza kiini, mara elfu kwa sekunde, sasa hivi unafanya nini. Jibu likawa kimepumzika. Kazi zimerundikana, nacho kimepumzika! Baba yake akasema basi kimefunga Ramadhani. Mtoto hakucheka. Akalaumu kipimo, akaweka kingine, jibu lile lile. Alhamisi tu ndiyo mashine ilikimbia, Ijumaa ikalala tena. Mimi nikamsomea Yasini.

Jumamosi akatoka akisema ameijua sababu: kiini kinahisi joto, kinajipumzisha kisiungue. Lakini joto latoka wapi? Wakubwa watauliza, na Jumatatu iko mlangoni.

Dada, hapo nikajua. Ni mimi. Niliifunika ile mashine kwa kitambaa cha kufuma, kwa ajili ya vumbi, kikaziba matundu yote ya nyuma ya kutolea joto. Alhamisi nilikuwa nimekifua. Nuriat alipita pale mara mia, ila kwetu redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, macho yake hayakioni tena. Kwa aibu nikaingia jikoni kukaanga sambusa mpaka sala ya alasiri. Kwenye sijida nikaona siwezi kumwombea mtoto huku nimemfichia jibu. Nikamwambia. Akakaa sakafuni akacheka mpaka machozi, akasema siku zote hizo anamtafuta mdudu, ndivyo waitavyo kosa la programu, ndani ya kiini, kumbe yuko jikoni anakaanga sambusa! Akaandika yote kwenye ripoti, hata rangi ya kitambaa.

Jana wamempa kazi. Mkubwa wao, Bwana Okidi, alisema wengi wakikwama hubuni sababu. Huyu amepima hadi akamfikia mama yake.

Njoo Jumapili, tunasoma dua ya shukrani na pilau ipo. Msalimie shemeji na wote wa Bombo.

Mdogo wako akupendaye,
Mubaraka