Mwezi Aliouficha Bi Shutu

Wasini, kupitia Shimoni,
Kwale.
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Mpendwa dada Asiya,

Assalaam alaikum, na shikamoo dada yangu. U hali gani huko Muscat? Kile kikohozi cha wakati wa joto kimekwisha? Na yule bibi unayemlea bado anakuamsha umsugue miguu, au amekuhurumia sasa anakuacha ulale? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu najua utajibu moja tu, kwamba u mzima. Siye huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mimi, ambaye kwa nje ni mzima na kwa ndani natetemeka.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa sauti. Sauti siwezi, dada. Mama mkwe wangu Bi Shutu yumo ndani anakunja nguo, Swabir mume wangu yuko barazani, na nikianza tu kusema "dada" nitalia, wote wawili waje mbio. Biasha binti Tembo anarudi kazini huko Jumamosi, nitampa barua hii na kifurushi cha kashata. Zikiwa zimepungua, ujue ni yeye.

Neno lenyewe ni hili. Alhamisi iliyopita nilikwenda hospitali kubwa Msambweni, nikapigwa picha ya tumbo kwa mara ya kwanza tangu nishike mimba hii. Daktari ni kijana wa bara, mpole, kila sentensi anaitia "mama" kana kwamba nimeshazaa. Akatazama picha, akatazama kadi yangu ya kliniki, akarudi kwenye picha. Akasema mtoto ni mkubwa kupita wiki zake. Nikitaka, si lazima, anaweza kunipangia siku baada ya wiki mbili nilazwe nianzishiwe uchungu kwa dawa, kabla mtoto hajazidi kukua, hasa kwa kuwa baina ya kwetu na hospitali kuna maji ya kuvuka. Lakini nikitaka. Lilimtoka neno hilo mara nyingi mpaka nikamchukia. Mtu mwenye hofu hapendi kuambiwa "ukitaka". Anapenda kuambiwa "fanya hivi", halafu akilalamika alalamike kwa mwingine.

Na lisikilize jina lake, dada. Kuanzishiwa uchungu. Uchungu ni kitu mtu anachoombewa kimpite mbali, na mimi naulizwa niuwekee miadi.

Nilirudi nyumbani sijui niseme nini. Unamkumbuka Hanifa, tuliyesoma naye chuoni? Yeye alianzishiwa mwaka jana, akashinda na dripu mkononi mchana kutwa, mwisho akapasuliwa. Mwanawe mzima, naye mzima, anauza bajia kama kawaida. Lakini nikimuuliza ilikuwaje, hunitazama tumbo kwanza halafu husema, "Mungu ni mkubwa," na kunifungia bajia za bure. Nimezila, ila hazikunituliza.

Swabir alikuwa amepewa likizo hotelini kwao Diani, yeye ndiye mpishi wa asubuhi, na aliposikia tu akasema tukubali. Kwake jambo lenye siku na saa ni jambo lililokwisha. Bi Shutu alikataa kabisa. Alisema, "Mwanamke hujifungua. Sijapata kusikia mwanamke akafunguliwa, kwani yeye kasha?" Nikacheka, lakini maneno yale yakanikaa. Kweli, dada, tunasema fulani amejifungua. Kujifungua ni kazi yako mwenyewe. Nami nilijiona kama kasha lililofungwa vizuri, watu wanaambiana walete patasi.

Tena Bi Shutu alikuwa na lake jingine, la kutaja siku. Wewe unazijua desturi zetu, lakini huyu amezidi. Tangu mwanzo, mtu akimuuliza mkazamwana ana miezi mingapi, humjibu, "Aa, bado mchanga huyo." Alisema hivyo nilipokuwa sionyeshi, na alisema hivyo hivyo nilipokuwa siwezi kupita mlango wa jikoni ila kwa ubavu. Kwake, ukishaitaja siku ya kuzaa umewaalika watu waje kuitazama, na miongoni mwao hakosekani mwenye jicho baya.

Hivyo nikabaki katikati, huyu ananivuta huku, yule kule. Mchana nilijikaza. Nikiwa peke yangu nilishika tumbo na kumwomba mtoto msamaha, kwamba huenda nitamtoa mbichi, mapafu hayajaiva, kwa sababu tu mamake anaogopa kuvuka maji usiku. Nilikuwa nikihesabu wiki za kwenye kadi naona hazijatimia. Sijawahi kuogopa kitu namna ile.

Juzi Jumatatu tukawa tumekaa kwa chakula cha mchana, na Swabir akalianzisha tena. Alisema daktari ameona kwa macho yake kwamba mtoto ni mkubwa, sasa mama unabishana na picha? Bi Shutu alikuwa akichambua miba ya samaki, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Huyo si mkubwa. Ni mwezi wake tu umefika."

Nikamwambia, "Mama, kadi inasema bado."

"Kadi ile ni maneno yangu mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyepunguza mwezi."

Dada, tonge nililirudisha sahanini.

Ngoja nikueleze, maana hukuwepo. Siku ya kwanza ya kliniki Bi Shutu alinisindikiza. Pale benchini walijaa wanawake wa kisiwani, wametulia kimya kama wamo msikitini, masikio yote yako kwetu. Sista Twaiba akaniuliza mara ya mwisho niliona lini siku zangu. Tangu niache sindano ya kupanga uzazi siku zangu hazikuwa na mpango, zinakuja zitakavyo, nami nilijua kitu kimoja tu, kwamba Ramadhani nilifunga yote sina deni hata la siku moja. Nikawa nababaika. Bi Shutu akanijibia, "Mwandamo wa Shaabani." Nikashukuru hata. Nikasema moyoni, afadhali kuna anayejua.

Na kweli alijua. Mwanamke hawezi kumficha mwanamke mwenziwe wanayekaa nyumba moja. Siku za hedhi usizosali anaziona, hata asiposema. Alijua kwamba mara yangu ya mwisho kuacha sala ilikuwa mwandamo wa Rajabu, na kwamba Shaabani yote sikukosa mswala. Ilikuwa Rajabu, dada, mwezi mzima nyuma. Akasema Shaabani kwa sababu ya lile benchi.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukumwambia Sista hata pembeni?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgeni wa dunia. "Kwani Twaiba si mtu wa huku? Hajui kwamba mtu hatajiwi mwezi wa haki mbele ya watu? Mimi nilijua ataongeza mwenyewe."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Bi Shutu alipunguza akijua Twaiba ataongeza, na Twaiba aliandika alichoambiwa. Kwa hiyo siku zote nilizokuwa nikilia kwamba mtoto ni mbichi, Bi Shutu alikuwa anashangaa nalia nini, kwa sababu yeye alijua ameiva. Na mimi kwa neno moja la kwenye sahani ya samaki nikatoka kwenye hofu ya mtoto aliyewahi, nikaingia kwenye hofu ya mtoto aliyepitiliza. Nikaikumbuka ile siku ya daktari, ya baada ya wiki mbili. Kama tungeikubali tukakaa tukaingoja tumestarehe! Swabir aliondoka mkekani bila kunawa, akaenda kutafuta chombo cha kutuvusha kesho yake asubuhi.

Jana tukaenda wote watatu. Bi Shutu alijieleza mwenyewe, sauti imeshuka mpaka daktari akasogeza kiti. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alishusha pumzi, akasema, "Shosho, hii ilikuwa hatari," na Bi Shutu ambaye hajui kibara akaja kuniuliza nje kama shosho ni tusi. Nikamwambia maana yake nyanya. Akasema heri lingekuwa tusi.

Daktari akanipima upya. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, maji bado yanatosha. Akasema sasa mambo yamegeuka: mtoto si mkubwa, ila siku zake zimepita. Ile ya wiki mbili tuisahau. Naweza kuja kesho Alhamisi nianzishiwe, au nikitaka, hakuliacha neno lake, ningoje siku chache nikivuka kupimwa kila baada ya siku moja, huenda uchungu ukaja wenyewe. Hakunificha kwamba uchungu wa dawa huja kwa nguvu, na kwamba pengine haushiki, mtu akaishia kupasuliwa. Akasema pia kwamba kungoja nako kuna hatari yake, na kila siku inaizidisha. Nikamwomba anichagulie. Akasema, "Mama, nikikuchagulia utanichukia." Nikamwambia nimeshamchukia.

Tangu jana nimekuwa nikimfikiria mama yetu. Sijapata kuandika haya popote. Alipokufa kwa uzazi wa Athmani nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu ndoo ya maji mlangoni, na wewe unanifunga leso kichwani unaniambia twende kwa shangazi tukale. Nakumbuka pia watu wakisema kwamba ilikuwa bado. Bado, bado, kila aliyeuliza alijibiwa bado. Wewe ulikuwa mkubwa. Sasa nakuuliza, dada: ilikuwa bado kweli, au naye alipunguziwa mwezi, wakaketi wakingoja siku iliyokwisha kupita?

Usinijibu sasa. Nijibu nikiwa nimeshapakata mtoto. Leo sitaweza kulibeba jibu, liwe lipi.

Nimeamua kwenda kesho. Swabir anadhani ni yeye aliyenishinda kwa maneno, mwache adhani hivyo. Aliyenikatisha shauri ni Athmani. Alipita jana jioni kutoka Ramisi kuniletea miwa, akakaa na Swabir wakizungumza mpira, nami nikawa namtazama. Mtu mzima yule, ana ndevu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia amezaliwa siku gani. Tunaijua wote. Hatuitaji kwa sababu ndiyo siku ya mama. Kijana wa watu amekua bila siku. Sitaki mwanangu naye awe na siku inayofichwa. Nataka kuijua, niitaje, hata kama naitaja meno yanagongana.

Na yanagongana, dada, nisikudanganye. Naogopa dripu. Naogopa kulala chali mbele ya watu nisiowajua. Naogopa nisimsikie akilia. Naogopa zaidi Swabir akija kuitwa pembeni na mtu mwenye koti jeupe. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii, na mapazia yaliyokuwa safi nimeyafua. Ikiwa barua hii itakufikia na bado hujasikia habari yangu, kaa kitako kwanza ndipo umpigie Swabir.

Nisalimie Biasha akishakabidhi mzigo, na yule bibi yako umwambie miguu yake naiombea shifaa. Baba mdogo Mbarak anakusalimu, bado anangoja picha yako uliyoahidi. Athmani anakusalimu, anasema umtafutie viatu vya mpira. Swabir anakusalimu sana. Bi Shutu…

Nilikuwa naandika kwamba Bi Shutu anakusalimu, nikamsikia. Amekwenda kukaa kizingitini, mlango wa mbele ameufungua wote, yeye ambaye huuegesha hata akipokea unga wa jirani. Kila anayepita anamwita kwa jina. Nimemsikia akimwita mama wa Hanifa. Nimemsikia akiwaita mabinti wanaorudi kisimani, na akiwaita hata wale wa nyumba ya pili ambao kwa sababu ya jicho hajawaonyesha tumbo langu tangu lilipoanza kutokeza. Anawaambia, "Ikram anazaa kesho. Kesho Alhamisi, Msambweni. Mwombeeni mwanangu." Akimaliza kwa huyu anaanza kwa yule, siku anaitaja wazi, na sauti yake si ya kawaida.

Mpaka dakika hii, dada, nilidhani anayeogopa humu nyumbani ni mimi peke yangu.

Nawe iseme siku yangu huko uliko, umtajie kila mwenye dua. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, akurudishe salama umkute mtoto, na mimi unikute nimempakata.

Mdogo wako akupendaye, anayeomba ajifungue,

Ikram