Pumzi ya Kitanda cha Nne

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha kitinda mimba kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Shemeji naye anaendelea vizuri tangu atolewe kwenye mashine. Jana alikaa kitini akanitania kwamba chai ya hospitali ni maji yaliyoonyeshwa majani tu.

Dada, kila ukipiga simu unanishukuru. Umewaambia hata wakwe zako kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu kipimo cha pumzi. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kusema kifua kinamuuma. Kwa hiyo tunakinga hewa anayoitoa kwenye kimfuko, na baada ya saa chache maabara hutuambia kama mapafu yameingiwa na vijidudu. Kipimo cha makohozi huchukua siku tatu.

Jumanne ile nilikinga pumzi ya shemeji, kitanda cha nne, na ya mwalimu mstaafu, kitanda cha tano. Majibu yakaja: mwalimu ana maambukizi, shemeji yuko safi. Mwalimu akaanzishiwa dawa. Nilikupigia, ukalia kwa furaha.

Mchana homa ya shemeji ikapanda. Hapo nikakumbuka: nilijaza vimfuko vyote viwili kwanza, ndipo nikabandika majina, huku nikipiga soga na mwenzangu. Daktari akaniuliza, "Una hakika kile kimfuko ni chake?"

Nikamjibu, "Nina hakika, daktari."

Sikuwa na hakika, dada. Niliogopa. Nikajiambia makohozi yatasema. Yalisema Ijumaa kwamba mwenye vijidudu ni shemeji, na siku zote hizo mumeo alikuwa akiungua bila dawa. Mwalimu alipotoka alinishika mkono, akanishukuru kwa dawa ambazo hakuzihitaji.

Leo asubuhi nimemweleza daktari yote. Akasema ile oksijeni atakayorudi nayo shemeji nyumbani, huenda asingeihitaji kama angetibiwa mapema, na kwamba lazima uambiwe. Nikamwomba nikuambie mimi.

Shemeji nimeshamwambia. Aligeukia ukutani, akaniomba nimwitie muuguzi mwingine ambadilishie shuka.

Wabusu watoto. Ukija Jumamosi, nenda moja kwa moja kwake. Mimi nitakuwa chumba cha wauguzi, mlango wa pili kushoto. Usipogonga, nitaelewa.

Ni mimi,
mdogo wako