Mimba yangu si mfano wenu

Jumapili, Oktoba. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na mimi nimekasirika tangu chakula cha mchana.

Nilipika pondu ya majani ya muhogo, na samaki. Wageni walikuwa wawili tu, wote wa upande wa mume wangu: Tonton Faustin, mjomba wake, mtu wa Isangi, kule kwenye mto na mitumbwi, na Déo, mdogo wake, anayesoma sheria chuo kikuu. Redio ikagusia utoaji mimba, wakaanza kubishana. Nilidhani watachoka. Hawakuchoka, wakanifikia mimi, Rehema.

"Pirogi ikizama juu ya mupepo, ile iko ajali, kama ile mimba ya Rehema," akasema Tonton. "Lakini ukiitoboa weye mwenyewe, bon, umeua watu."

Déo akaweka kijiko chini. "Alors, Tonton, kama ile ilikuwa mutu, juu ya nini hamukukaa matanga? Donc haikuwa mutu."

Nilikuwa nimesimama hapo na bakuli la wali mkononi. Hakuna aliyenitazama, hata mume wangu.

Sikusema kitu. Ndiyo maana naandika.

Tonton kwanza. Mimba ilipoharibika mwaka jana, ikiwa ya miezi mitano, ni yeye huyo huyo aliyemvuta mume wangu pembeni akamuuliza nilikunywa dawa gani. Leo imekuwa ajali, kwa sababu leo ajali inamsaidia kushinda.

Na Déo, na masomo yake yote! Hatukukaa matanga kwa sababu kwetu mimba haikaliwi matanga. Hakuna viti, hakuna turubai, hakuna anayekuja kulala kwako. Wanawake wazee wanazika haraka, na wewe unaambiwa ufute machozi usije ukaifungia njia mimba inayofuata. Hilo linaonyesha tulivyo sisi. Nilichokibeba kilikuwa nini, halionyeshi hata kidogo.

Nikiri jambo. Kuhusu kutoa mimba, sijui nasimama wapi. Nina rafiki aliyetoa. Sijawahi kumhukumu, wala sijawahi kumwelewa. Lakini yake ni yake na yangu ni yangu. Sitaki yangu ichukuliwe kumpiga nayo, wala kumtetea nayo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mwaka mzima hakuna mtu aliyeitaja mimba ile ndani ya nyumba hii. Imetajwa leo kwa mara ya kwanza, ili mtu ashinde ubishi, kisha wakaomba pondu tena.

Nikawaongezea.

Mama mkwe, tunayeishi naye, ndiye aliyeizika, nyuma ya jiko la uani, mimi nikiwa bado kitandani. Hajawahi kunionyesha mahali, na mimi sijawahi kuuliza. Niliogopa.

Kesho asubuhi nitamuuliza. Akikataa nitamuuliza tena. Kisha nitatoa kiti kimoja cha plastiki, nikiweke pale atakaponionyesha, nikae matanga peke yangu, hata kama mvua itakuwa bado inanyesha.