Swichi ya Upande wa Kulia

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Watoto hawajambo? Mimi mwili hauna neno. Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na hili nataka nilimalize. Kwa hiyo keti.

Nyumba nimeifumua nyaya zote. Soketi ya sebuleni ilianza kunuka moshi, nikamwita fundi umeme, akaifungua na kutikisa kichwa. Aliniambia mpira wa nyaya umekauka, ukiguswa unapukutika, na kubadilisha waya mmoja ni kutia kiraka kwenye nguo iliyooza. Nikakubali. Tangu hapo ni nyundo na patasi, kuta zina mifereji, vumbi mpaka kwenye chai. Sikufichi, nilifurahi kupata mtu wa kugonga vitu humu ndani.

Kabla ya kuchimba, fundi alipita nami chumba kwa chumba akichora kwa chaki mahali pa swichi. Kwenye ngazi alisema ataweka mbili, moja chini na moja juu, ili mtu awashe akianza kupanda na azime akishafika. Alinieleza kwamba swichi za namna hiyo hazina upande wa kuwasha wala wa kuzima. Nyaya mbili hupita kati yake, na kila swichi hutegemea mwenzake amekaaje. Nikamwambia basi hiyo ni ndoa. Alicheka mpaka chaki ikamwanguka.

Tulipofika chumbani akauliza taa tunaizimia wapi. Nikajibu tunaizimia kitandani. Dada, hiyo "tu" ilinitoka yenyewe. Ulimi hauna mfupa. Fundi naye ni mtu wa kushika alichoambiwa. Akachora mlangoni, akachora kushoto kwa kitanda, akachora na kulia. Alisema zikiwa tatu, ya katikati inakuwa ya aina nyingine, ya kuzipishanisha zile nyaya mbili, na kazi yake ni ndefu. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba upande wa kulia hauna mtu. Badala yake nikaenda kumchemshia chai. Alichimba ukuta ule kutwa nzima, nami jikoni nasikia kila pigo, roho inaniuma, maana mtu wa watu alikuwa anahangaika kwa ajili ya mto mtupu.

Jana alimaliza, ikabaki kujaribu. Msaidizi wake alikuwa kwenye kazi nyingine, kwa hiyo aliniweka mimi mlangoni, yeye akashika ya kushoto, akataka mtu wa kushika ya kulia ili tuzibonyeze kwa zamu. Akaniomba nimwite mzee. Nikasema hayupo. Akasema si neno, atasubiri, kwani atarudi saa ngapi?

"Harudi," nikamwambia.

Neno hilo sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote. Fundi aliweka bisibisi chini, akaniuliza taratibu kama aiondoe ile swichi azibe ukuta. Nikalia mbele ya mgeni huku nimeshika mlango. Alizunguka kitanda akabonyeza ya kulia, akarudi akabonyeza ya kushoto, akaniashiria nibonyeze yangu, hivyo hivyo mpaka akaridhika. Kisha akafagia vumbi lake akaenda.

Sasa na wewe ujue. Shemeji yako aliondoka kabla ya mvua zilizopita. Hatukugombana. Alisema amechoka, akafunga sanduku, na sasa anaishi na mwingine mji wa mbali. Nilikuficha kwa sababu ni wewe uliyesimama kidete nikaolewa naye wakati wengine walikataa, nikaogopa utajilaumu. Usijilaumu. Lakini nyumba hii ni kubwa, dada, na upweke umenishinda.

Ukipata nafasi, njoo. Wakumbatie watoto, na yule kitinda mimba umwambie mama mdogo anamkumbuka. Na zile salamu za shemeji yako nilizokuwa nakufikishia kila tukizungumza, nilikuwa nazitunga mwenyewe. Utakaponijibu, nisalimie mimi tu.

Mdogo wako,
Kiherehere