Chozi la Joka

Jumatano, Mfunguo Tatu. Nyumbani, Jadida.

Na joka lenyewe la kitabu hiki halitishi hata kuku. Sura nzima linalia upweke mlimani, linaogopa moshi wake lenyewe, na mimi hapa kitandani kwa mwanangu Rahma namsomea, nanguruma kwa niaba yake. Kaka yangu aliyekileta kitabu kutoka Dar alisema watoto wanakipenda sana. Watoto wepi?

Mwanangu ana miaka tisa na moyo wake una tundu. Tangu Ramadhani iishe hafiki barazani bila kuhema. Alitaka joka la kuunguza miji.

Leo tumekimaliza. Msichana wa kitabuni, mgonjwa tangu mwanzo, anakunywa chozi la joka kikombeni, anainuka, anakimbia. Basi, kwisha.

Rahma akaitazama sahani ya kombe pale dirishani. Shehe huandika aya juu yake kwa zafarani, mimi naziosha kwa maji, yeye anakunywa.

"Mama, huyu kanywa mara moja tu?"

"Hadithi tu hiyo, mwanangu."

"Miye nnakunywa kila siku."

Daktari alisema apelekwe India. Kila tukiuliza zamu yake hospitali, tunaambiwa tusubiri. Midomo yake inazidi kuwa ya buluu, nami nasubiri.

Kitabu nimekificha chini ya kanga zangu. Ningekichoma, lakini atauliza.

Jioni, nilipompelekea Shehe sahani ya kesho, nikajisikia namwomba aikoleze zafarani.

Shehe akaikoleza.